Mwano Kwenye Mirihi

Minza hakuwa mtu wa kudanganywa kwa biskuti. Siku ile mwalimu Atuganile alipofika kitongojini kwao, kwenye mbuga za kaskazini mwa Chimala, akawagawia wasichana wa darasa la saba biskuti na kofia zenye picha ya roketi, wanawake wengine walipiga vigelegele. Minza aliuliza swali moja tu, nalo liliwafanya wenzake wamvute upindo wa kanga.

"Nyie mnataka nini kwetu?"

Mwalimu Atuganile alicheka. Alikuwa mama wa Kinyakyusa, mnene, mwenye sauti ya kwaya, na cheko lake halikuwa la dharau. Alieleza kwamba yeye na wenzake kutoka Mbeya wana kambi ya wasichana. Watoto waliokwisha kufanya mtihani wa darasa la saba wangekaa Iyunga, kwenye shule moja ya bweni iliyofungwa kwa likizo, wafundishwe habari za nyota na sayari, na wafanye mazoezi wanayofanya wanaanga kabla ya kurushwa juu. Kula bure, kulala bure, nauli bure. Tena mmoja wao, atakayeshinda zoezi la mwisho, angesomeshwa sekondari ya sayansi huko Iringa mpaka amalize.

Bure hizo zilimkaa Minza kooni. Marehemu baba yake alikuwa akisema, ukipewa ng'ombe bure, kabla hujashukuru tazama kamba imeshikwa na nani. Akageuka kumtazama mwalimu, akamtazama dereva, akalitazama na gari lenyewe. Hakuiona kamba, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Msimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Minza aliumwa kweli. Zamani, alipokuwa bado bibi harusi, yeye na mumewe Paulo walikuwa na boma lao bondeni, mbali na hapa. Siku moja walikuja watu wenye adabu sana. Walivaa vizibao vya rangi ya machungwa vinavyong'aa, wakasimamisha chombo cha miguu mitatu ambacho mtu hukiinamia akafumba jicho moja, wakapigilia vigingi vyekundu ardhini. Waliomba maji, Minza akawapa maziwa. Paulo alipowauliza wanafanya nini, walimjibu vizuri kabisa: tunapima tu, mzee, msiwe na hofu. Kiangazi kilichofuata yakaja malori, na kila mwenye boma akaambiwa boma lake limo ndani ya mstari, ahame. Ng'ombe wengi walikufia njiani. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia Minza "msiwe na hofu," yeye huanza kufunga mizigo.

Lakini kulikuwa na Kashindye. Huyu alikuwa binti yake wa kwanza, aliyezaliwa akitanguliza miguu, na kwa Wasukuma mtoto wa hivyo jina lake huja naye. Bibi yake alimpokea, akamgeuza, akasema huyu aliyeanza kwa kukanyaga hatakaa nyumbani. Kashindye alikuwa na kichwa chepesi shuleni, tena alipenda kuuliza mambo mpaka walimu wakachoka. Shule ya kata wanayopangiwa watoto wa hapo iko ng'ambo ya mto. Masika mto ukijaa hakuna anayevuka, na wasichana wengi walioanza kidato cha kwanza pale waliishia kurudi kupanda mpunga na kusubiri kuolewa. Minza aliyajua hayo yote. Paulo alikuwa mbali na ng'ombe, akitafuta majani, na kwenye simu alisema tu, "Wewe ndiye uliyewaona. Amua."

Akaamua. Alimfungia mtoto nguo kwenye mfuko, akamwambia, "Nenda. Lakini ukiona kitu hukielewi, usione haya. Toka mbio."

"Nitakuwa naelewa, mayu," alisema Kashindye, akapanda gari bila kugeuka nyuma.

Siku za kambi hazikuwa zimefika mwisho Minza alipopata sababu ya kwenda mjini. Sababu yenyewe aliitengeneza. Mchele wake ungeweza kuuzwa pale pale Chimala kama miaka yote, ila safari hii alitangaza kwamba sokoni Mwanjelwa, Mbeya, bei ni nzuri zaidi. Aliuza haraka haraka, bila hata kubishana na mchuuzi kwa raha yake, kisha akachukua bajaji mpaka Iyunga, akaulizia shule, akaenda kusimama nje ya ua wa michongoma.

Alichokiona kilimtoa jasho. Watoto walikuwa wamevaa ovaroli nyeupe. Mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha ofisini, kile kinachozunguka, amefungwa kitambaa machoni, na wenzake wawili wanamzungusha kwa nguvu zote huku mwalimu akitazama saa. Kisha walimsimamisha, wakamfungua macho, wakamwambia atembee juu ya mstari wa chaki. Alipiga hatua chache, akapepesuka, akatapika. Na wote wakampigia makofi.

"Wanawafanya nini wale watoto?" Minza alimuuliza mlinzi wa getini, mzee mmoja aliyeitwa Silvester.

"Wanawazoesha, mama. Huko wanakokwenda eti hakuna juu wala chini. Mtu anaweza kulala kichwa chini asijue." Mlinzi akatikisa kichwa. "Mimi nilishangaa siku ya kwanza. Sasa nimezoea."

Minza aliguna. Mtu anayetaka mtoto wako asijue tena juu ni wapi na chini ni wapi, ana lake jambo. Wakati akiwaza hivyo, aliyeketi kwenye kiti akawa Kashindye. Walimzungusha mpaka Minza mwenyewe akahisi kichefuchefu huko nje. Kashindye akasimama, akafumbua macho, akatembea juu ya ile chaki kutoka mwanzo hadi mwisho, na mguu haukutoka nje ya mstari. Minza alijikuta anatabasamu peke yake kwenye michongoma. Mlinzi alipojua ni mwanawe, akaenda kumwita.

Kashindye alikuja mbio, uso umemwiva kwa furaha.

"Mayu! Tunakuja nyumbani! Zoezi la mwisho linafanyikia kwetu!"

"Kwetu wapi?"

"Mbuga Nyeupe. Mwalimu aliuliza nani anajua mahali pasipo na mti wala maji, ardhi tupu, pafanane na sayari ya Mirihi. Nikanyoosha mkono. Walikwenda kupaona, wakapapenda sana. Wamepapiga picha na droni."

Furaha ya Minza ilikatika pale pale. Mbuga Nyeupe si mahali patupu. Ni uwanda wenye ardhi ya chumvi, na ng'ombe wa kitongoji kizima hupelekwa huko kuramba. Bila ile chumvi ng'ombe wanakonda na ndama hawakui. Watu waliishi pale kwa sababu ya Mbuga Nyeupe, na hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ni yao.

"Ni wewe uliyewaonyesha," alisema polepole.

"Ni mimi," alijibu Kashindye, akijivuna.

Habari zilifika kitongojini kabla ya Minza. Alipofika alimkuta shemeji yake, Nkuba, kaka mkubwa wa Paulo, amekaa kwenye kigoda mlangoni pake. Nkuba alikuwa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi ambao kila boma hutoa mtu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyatupa kama mawe.

"Wamekuja jana wametia vigingi Mbuga Nyeupe. Vyekundu."

"Ni kambi ya watoto, shemeji."

"Uliona wapi watoto wakafundishwa kwa vigingi? Nimemuuliza yule mama mnene. Kasema ndani ya vigingi kuna hewa, nje ya vigingi hakuna hewa. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya vigingi, navuta hewa, namtazama." Nkuba akatema mate pembeni. "Watu wanasema mtoto wako ndiye aliyewaleta. Kikulacho ki nguoni mwako."

Minza aliona aibu, akaona na hasira, na hakujua hasira ile ni ya nani.

"Sikulaumu," Nkuba alisema. "Wewe ni mzazi, kesho hawatakufukuza. Nenda ukae uwaangalie. Ukiona kitu, unajua la kufanya."

Minza alijua. Kila Msukuma anajua. La kufanya ni mwano.

Mwano ni yowe, lakini si kila yowe ni mwano. Mtu huweka kiganja mdomoni, akaitoa sauti kutoka tumboni huku akiikatakata, na anayeisikia huipokea na kuirusha kwenye boma linalofuata. Ukiusikia unatupa ulichoshika, unachukua fimbo, unakimbilia unakotokea. Hata kama unakula, hata kama una ugomvi na aliyeupiga. Asiyetoka hutozwa faini, na siku yake ikifika hakuna atakayemtokea. Watoto hufundishwa hayo kabla ya kujua kuhesabu. Na anayeupiga bure, pasipo jambo, naye ana faini yake: mbuzi.

Asubuhi Minza alikwenda Mbuga Nyeupe na kibuyu cha maziwa mgando, maana mgeni ni mgeni hata kama unamshuku. Mwalimu Atuganile alimpokea kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, mama Kashindye. Mwanao ni moto. Wamebaki wachache, na yeye yumo."

Alimweleza zoezi. Kila mtoto alikuwa ndani ya hema lake dogo jeupe, peke yake, zipu imefungwa. Ndani kuna maji, kuna kazi za kufanya, na juu ya hema kumetandazwa turubai la kuzuia jua. Mwanaanga lazima aweze kukaa peke yake bila kupaparika. Kila baada ya muda mwalimu anapita akigonga mti wa hema, na mtoto anajibu kwa kugonga, ijulikane kwamba ni mzima. Anayefungua zipu kabla ya kengele, ametoka. Asikie upepo, asikie kelele, asikie chochote, asifungue, kwa sababu nje ni Mirihi na hakuna hewa.

"Na akizidiwa?"

"Anafungua tu, tunampa juisi. Hatumlazimishi mtu."

Lilikuwa jibu zuri. Minza alikuwa na kawaida ya kuyaogopa majibu mazuri. Akaketi pembeni, kanga kichwani, akaanza kazi aliyotumwa.

Watoto walitoka mmoja mmoja. Mmoja alitoka kwa joto, mmoja kwa kumlilia mama yake, mmoja kwa ajili ya mjusi aliyeingia na kukataa kuondoka. Jua lilipopita utosini yalibaki mahema mawili yaliyofungwa: la Kashindye, na la msichana wa Iyunga aitwaye Goodness. Mwalimu aligonga, Kashindye akagonga. Aligonga kwa Goodness, Goodness akagonga. Minza alijikuta anaomba Mungu, anaomba na mizimu ya kwao kwa tahadhari, kwamba yule mtoto wa mjini aone mjusi mkubwa. Kwa kitambo kile alisahau vigingi. Alimwona Kashindye yuko Iringa, sketi ya bluu, vitabu mkononi, hakuna mto wa kumzuia.

Ndipo kijana mmoja wa kambi, Yotamu, akashuka kwenye gari na mfuko mrefu.

Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa. Akatoa miguu mitatu, akaitanua juu ya ardhi ya chumvi, karibu kabisa na kigingi chekundu. Juu yake akafunga chombo kirefu. Akakiinamia, akafumba jicho moja.

Minza alikaza macho. Chombo hakikutazama juu mbinguni zilipo hizo nyota zao. Kilitazama sambamba na ardhi, kikapita juu ya vigingi, kikazunguka taratibu, kikasimama. Aliufuata mdomo wake kwa macho. Mbele yake kulikuwa na boma moja tu lenye nyumba ya bati, nalo lilikuwa lake.

"Kushoto kidogo," Yotamu alimwambia mwenzake aliyekuwa akikaza skrubu. "Hapo. Lile paa la bati. Nimelipata. Kaza hapo hapo."

Angeweza kuuliza. Alikuwa na mdomo, na mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Lakini mara ya kwanza, kule bondeni, waliuliza, na walijibiwa vizuri. Minza alisimama, kanga ikaanguka. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Sauti ilikwenda mbali kwa sababu pale hakuna mti wa kuizuia. Boma la kwanza likaipokea, na la pili, na la mbele yake. Filimbi ya Nkuba ikalia. Haukupita muda wakaanza kuonekana wanaume wanakuja mbio kutoka kila upande, fimbo mkononi, wengine matumbo wazi, mmoja na povu la sabuni nusu ya kidevu. Nyuma yao walikuja wanawake na mabua na michi. Waliokuwa mbele waling'oa vigingi kabla hata ya kuuliza. Walimzunguka Yotamu, naye akakikumbatia chombo chake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mwalimu Atuganile hakukimbia. Alikwenda kusimama mbele ya mahema mawili, akatanua mikono.

"Kuna watoto ndani," alisema. "Mimi nipigeni, lakini kuna watoto ndani."

Hakuna aliyempiga. Na katika kimya kile kifupi Minza alisikia zipu.

Kashindye alitoka akikimbia, ovaroli nyeupe, kofia ya plastiki kichwani. Mkononi alikuwa na mti wa hema, aliouchomoa kwa sababu alihitaji fimbo, na nyuma yake hema likalala chini. Alikatiza katikati ya watu wazima akaja kusimama ubavuni mwa mama yake, mti juu tayari kupiga.

"Wapi, mayu? Ni nani?"

Minza alinyoosha kidole kwenye chombo cha miguu mitatu. Kashindye akakitazama. Kisha akamtazama mama yake, na mti ukashuka taratibu.

"Hiyo ni darubini ya kutazamia mwezi," alisema.

"Mbona imeangalia nyumba yetu?" aliuliza Nkuba.

"Ina darubini ndogo mgongoni, baba mkubwa. Lazima zote mbili zitazame mahali pamoja, la sivyo usiku huupati mwezi. Mchana wanazipatanisha kwa kitu kilicho mbali. Hapa kitu kilicho mbali ni paa letu tu."

Nkuba hakuwa mtu wa kuambiwa. Alimsogeza Yotamu, akainama, akafumba jicho. Alikaa hivyo kitambo. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa mzito kuliko mwanzo.

"Nyumba ya mdogo wangu wameigeuza miguu juu."

"Inageuza kila kitu," alisema Kashindye. "Kwa nyota haidhuru. Nyota haina miguu."

Mtu mmoja akacheka, na wa pili, na kicheko kikaenea kama lilivyoenea yowe. Minza alikwenda kuangalia naye. Aliiona nyumba yake, kweli, bati chini na mlango juu, na kuku wake mweusi anatembea juu ya dunia huku mgongo umeelekea chini. Kuku hakuwa na wasiwasi wowote. Minza alitamani ardhi impasukie.

Mwalimu Atuganile hakucheka. Aliligeukia hema lililosalia, akagonga.

Kutoka ndani kukagongwa.

Hapo ndipo Minza alipoelewa alichokifanya. Alimwendea mwalimu, akapiga magoti kwenye chumvi mbele ya watu wote, yeye ambaye hakuwahi kumpigia magoti hata mjumbe wa serikali.

"Mwalimu, nisamehe mimi. Mtoto sikumwambia atoke, lakini ni mimi niliyemtoa. Kwetu mwano ukilia hakuna anayebaki ndani. Angebaki ningemchapa mimi mwenyewe. Mrudishe hemani, hajatoka kwa uoga."

"Simama, mama, tafadhali." Sauti ya kwaya ilikuwa imekwaruza. "Najua hajatoka kwa uoga. Nafasi zingekuwa mbili, nisingefikiri mara mbili. Ni moja. Na sheria nilizisema mbele ya watoto wote, na wale waliotoka kwa joto wananitazama sasa hivi. Niwaambie nini?"

Minza alinyanyuka, akajikung'uta chumvi magotini.

Kengele ilipolia Goodness alitoka akipepesa macho, akaona wanaume wenye fimbo, akaona vigingi vimelala, akaona hema la mwenzake limeanguka. "Nilisikia watu wanapiga kelele," alisema. "Nikajua ni mtihani." Kashindye alikwenda kumpa mkono. Alifanya hivyo vizuri, kwa heshima, na mama yake alipoona jinsi alivyokaza midomo alitazama pembeni.

Kambi iliondoka siku ile ile. Vigingi hawakuvidai, na havikukaa bure. Kabla ya juma kwisha ndama wa kitongoji kizima walikuwa wamefungwa kwenye vigingi vya Mirihi. Watu walianza kumsifu Minza, na sifa zilimchoma kuliko matusi. Walisema hata kama safari hii haikuwa kitu, huko Mbeya sasa watajua kwamba Mbuga Nyeupe ina wenyewe. Walimsifu na Kashindye, kwamba mtoto alikwenda mjini akavalishwa nguo za mwezini, na bado mwano ulipolia alikumbuka kwao.

Siku ya kikao cha sungusungu Minza alikuja anaburuta mbuzi.

"Huyo wa nini?" aliuliza Nkuba.

"Faini. Nilipiga mwano wa bure."

"Haukuwa wa bure, shemeji. Uliona ulichoona. Hata mimi ningepiga. Rudisha mbuzi wako."

"Mwano ule haukumtoa mwizi," alisema Minza. "Ulimtoa mwanangu."

Minza alimfunga mbuzi kwenye ua wa kamanda, akaondoka, na hakuna aliyethubutu kumrudishia.

Kitu kimoja tu kilimpa nafuu. Alijiambia kwamba ile ni mila. Angepiga mwano mtu yeyote, Nkuba, au jirani, au mgeni aliyepotelewa na ng'ombe, Kashindye angetoka vile vile, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kama kosa lipo, ni la mila, na mila ni ya watu wote. Alilibeba wazo hilo siku nyingi, na lilimsaidia kulala.

Jioni moja walikuwa wakifunga ndama, mama na binti. Kashindye alishika kigingi chekundu, Minza akakipigilia kwa jiwe. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka. Kashindye alikuwa amefaulu, na amepangiwa shule ile ile ya ng'ambo ya mto.

"Ule mwano," alisema Minza, bila kuinua macho. "Mle ndani ulijua ni nani anaupiga?"

"Nilijua ni wewe."

"Basi ungekaa. Mimi ningekuja na watu wangekuja. Tungemaliza wenyewe."

Kashindye aliijaribu kamba kama imekaza.

"Ningekaa," alisema. "Mwalimu alishatuambia tutasikia kelele. Angekuwa baba mkubwa ningekaa. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ningeziba masikio nikakaa mpaka kengele. Lakini ilikuwa sauti yako, mayu. Nikajua wanakuua."

Minza alibaki ameshika jiwe. Ndama akavuta kamba, kigingi kikacheza, na Kashindye akamwomba mama yake apigilie tena kidogo.